Barua ya wazi: Msimrudishe nyumbani mtoto aliyejiumiza

Kilifi

KWA: Wenye dhamana ya elimu na afya ya vijana, katika kaunti na katika taifa
NAKALA: Halmashauri za shule, maimamu, wachungaji, wazee wa mitaa, na kina mama wanaofunda wari

KUH: WANAFUNZI WANAOJIUMIZA NA ADHABU TUNAYOWAPA

Waheshimiwa,

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya bweni ya mseto hapa Pwani. Nimefundisha miaka 17, na kwa miaka 9 ya mwisho nimekuwa pia mwalimu wa ushauri nasaha, kazi niliyokabidhiwa kwa kuwa, nilivyoambiwa siku hiyo, mwalimu wa Kiswahili hana mambo mengi. Chumba changu cha ushauri kilikuwa stoo ya mipira. Hadi leo kinanuka ngozi na vumbi, na watoto wamekizoea.

Nimeamua kuwaandikia hadharani kwa sababu njia ya ndani nimeipita ikanishinda. Barua ya kwanza niliipeleka kwa mkono kwenye ofisi moja ambayo sitaitaja, ikagongwa muhuri wa kupokelewa. Ya pili niliituma kwa baruapepe miezi minne baadaye. Mara ya tatu sikuandika, nilikwenda mwenyewe. Niliketi kwenye benchi tangu saa tatu asubuhi hadi saa nane, kisha nikaambiwa mkubwa yuko semina. Semina yenyewe ilikuwa ya afya ya akili. Sijatia chumvi.

Jina langu sitaliweka hapa. Si kwa kuwaogopa ninyi, ingawa kidogo naogopa. Mji wetu ni mdogo: ukinijua mimi utaijua shule, na ukiijua shule utamjua mtoto ninayetaka kuwasimulia. Nimegeuza mambo mawili matatu katika habari zake ili asitambulikane. Kiini sijakigusa.

Alikuwa kidato cha pili, umri wa miaka 15. Mwezi wa Februari, joto letu mnalijua, yeye alivaa sweta kutwa kucha. Matroni alimshuku, akamwambia apandishe mikono, na mikono ikasema. Kufikia saa ya chakula cha mchana alikuwa amesimamishwa mbele ya naibu wa mwalimu mkuu akiulizwa ni nani aliyemfundisha. Sanduku lake lilipekuliwa, wenzake wakitazama. Kufikia saa kumi alikuwa amekabidhiwa barua ya kusimamishwa masomo kwa wiki mbili, na mamake ameitwa. Alikuja kwa bodaboda, akamchukua mwanawe bila kusema neno. Mimi nilikuwa darasani, na nilipata habari jioni kutoka kwa karani.

Katika siku hiyo nzima hakuna mtu mzima aliyemuuliza mtoto huyu ana nini.

Nyumbani nako hakuulizwa. Mjomba alisema ni pepo, mtoto akapelekwa kwa mganga. Baba akasema yeye hataki ushirikina, akampeleka kwa ustadh akasomewa na kunyweshwa kombe, yaani maji yaliyooshea aya zilizoandikwa. Baada ya hapo ikawa ni fedheha ya ukoo, isitajwe tena. Wiki mbili zikaisha, akarudi shuleni na alama mpya juu ya zile za zamani.

Siku ya tano baada ya kurudi alikuja kwenye stoo yangu ya mipira, akakaa kimya kama nusu saa, kisha akasema, "Mwalimu, kichwa changu hakinyamazi." Nikamuuliza kinasema nini. Nyumbani kulikuwa na maneno ya posa. Mahari ilikuwa ishatajwa. Alikuwa amebeba siri hiyo miezi saba, hana wa kumwambia, kwa sababu wa kuambiwa ndio waliokuwa wakizungumza na washenga.

Sasa itazameni ile barua ya wiki mbili kwa jicho hilo. Shule ilimtoa mtoto mahali alipokuwa salama kidogo, ikampeleka kwenye nyumba iliyokuwa ikimuumiza, na ikaiita hiyo nidhamu.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Jeraha linahesabiwa kosa.

Kwa miaka mingi sheria yetu ilimwona aliyejaribu kujitoa uhai kuwa mhalifu. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilimwekea kifungo cha hadi miaka miwili. Tarehe 9 Januari 2025, Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu alikitangaza kifungu hicho kuwa kinyume cha Katiba, katika kesi ambayo Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu na chama cha madaktari wa magonjwa ya akili walikuwa miongoni mwa walioifungua. Msingi wa uamuzi ni kwamba huwezi kumbagua na kumdhalilisha mtu kwa sababu ya hali ya afya yake.

Naomba tusichanganye mambo. Mtoto anayejikata mkono si lazima awe anataka kufa. Wengi niliowasikiliza waliniambia hawataki kufa, wanataka yale yaliyo ndani yatulie. Lakini kujiumiza ni dalili nzito, na mwenye kujiumiza yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya mwenzake kufika kule kwingine. Ikiwa yule aliyefika ukingoni kabisa mahakama imesema asiadhibiwe, huyu aliye hatua kumi nyuma shule inamwadhibu kwa kifungu gani? Kifungu cha 36 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 kinakataza kumtesa mwanafunzi kwa mwili au kwa nafsi. Kumpekua mtoto mbele ya bweni zima siku aliyofichuka ni mateso ya nafsi. Sioni jina jingine la kukiita kitendo hicho.

2. Neno "mila" limegeuzwa pazia.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo ninapokasirika.

Katika kikao kimoja niliambiwa kujikata ni mambo ya wazungu, watoto wameyatoa kwenye simu, yatapita kama mitindo ya nywele. Katika kikao kingine, miezi michache baadaye, mtu wa cheo kilekile aliniambia kuwa haya ni mambo ya mila za watu wa huku, ya mapepo na posa, serikali haiwezi kuyaingilia. Nilitoka nikajiuliza: yametoka Ulaya au yametoka Ganze, hapa hapa Kilifi? Jambo haliwezi kuwa geni na la asili kwa wakati mmoja, isipokuwa kama kinachotafutwa ni namna ya kutolishughulikia.

Mimi darasani kwangu nina Wagiriama, Waduruma, Wabajuni, Waswahili wa Malindi, Wakamba, Waorma, Wajaluo wa bandarini na watoto wa walimu kutoka Mlima Kenya. Maumivu yao yanafanana, ila kila mmoja amelelewa kuyaficha kwa namna ya kwao. Mtoto wa Kiislamu amesikia tangu chuoni kwamba kujidhuru ni haramu, kwa hiyo hata kulitaja anaona kama kuongeza dhambi. Mimi ni Mwislamu na nasema hili kwa heshima: aya ya 29 ya Surat An-Nisaa inatukataza kujiua, kisha inamalizia kwa kusema kwamba Mwenyezi Mungu ni mwenye kutuhurumia. Hotuba nyingi nilizosikiliza zimekomea kwenye katazo. Mwenzake wa kanisani hupelekwa kwenye kesha la maombi, akawekewa mikono kichwani na watu ishirini, na asubuhi huambiwa atoe ushuhuda kwamba amepona. Atasemaje hajapona?

Yuko na yule ambaye kwao, zamani, aliyejitoa uhai alizikwa haraka bila matanga wala vilio, na mahali alipofia pakasafishwa kwa kafara. Huyu hajafundishwa hadithi hiyo rasmi, ameiokota kwenye minong'ono ya watu wazima. Lakini anajua vizuri sana kwamba kwao kuna maumivu yasiyoliliwa. Mtoto wa aina hiyo hawezi kuja kwako kwa sababu tu umebandika karatasi mlangoni iliyoandikwa "Karibu".

Huo ni upande mmoja wa mila. Wa pili sijausikia ukitajwa katika kikao chochote.

Zamani hapa Pwani msichana akivunja ungo hakuachiwa mamake peke yake. Alikabidhiwa somo. Somo alikuwa mwanamke mtu mzima asiye mama, ambaye kazi yake ilikuwa kusema na kusikia yale ambayo mama na mwana wanaoneana haya kuyasema. Ukiwa na jambo lisiloweza kupita sebuleni, lilipitia kwa somo. Wavulana nao jandoni walikuwa na wao. Na kwa Wamijikenda, kama ilivyo kwa wengi wetu, bibi humwita mjukuu wake "mume wangu", na mjukuu akamtania babu maneno ambayo angeyasema kwa babake angechapwa. Watu huona ni mzaha. Mimi naona ni mlango ambao wazee wetu waliuacha wazi makusudi ili mtoto apate pa kutokea.

Sisemi unyago wote ni asali. Nimewasikia makungwi wakimfundisha binti kuvumilia mambo yasiyovumilika, na "vumilia" ni neno ambalo limewaumiza watoto wangu kuliko mengi. Jando nalo hufunza kwamba mwanamume halii. Lakini angalieni tulichofanya. Tumemchukua mtoto wa miaka 14, tumemtoa kwa bibi na kwa somo, tumempeleka bwenini, na badala ya wote hao tumempa matroni mmoja kwa wasichana 160. Kisha akianguka tunasema mila zake zimemponza. Mila tumezivunja sisi, tukabakisha ile sehemu ya aibu peke yake.

Mnataka kujua aliyemwokoa yule binti wa sweta? Ni bibi yake mzaa mama. Nilipata namba yake kwa binti mwenyewe, nikaenda kwake Jumamosi kwa matatu mbili na mguu. Nilimweleza. Mzee yule hakupiga kelele, hakusema pepo. Alisema, "Mjukuu wangu ananyimwa pumzi." Jumapili alikwenda kwa mkwewe akaketi barazani, akasema haondoki mpaka maneno ya posa yafungwe. Yalifungwa siku ya tatu. Baada ya hapo ndipo msichana alipokubali kwenda kliniki, akisindikizwa na bibi huyohuyo. Sasa yuko kidato cha tatu. Si kila siku ni nzuri kwake, ila anakuja stooni bila kuitwa, na sweta ameacha.

3. Tunawauliza watoto kwa lugha isiyo yao.

Fomu tunayotumia kuwauliza watoto juu ya hali zao imetafsiriwa na mtu anayejua sarufi kuliko anavyojua watoto. Inauliza, "Je, umewahi kujihisi huna thamani?" Mtoto mmoja alinitazama akacheka. "Thamani ni ya dhahabu, mwalimu." Akaandika hapana. Wiki ileile alikuwa hali, halali.

Watoto wanasema mawazo yamewazidi. Wanasema moyo unazama, roho inawaka, nimechoka na mimi mwenyewe, niko na stresi, sijielewi. Wengine hawasemi neno lolote la moyoni, wanasema tumbo. Nimekuwa na msichana aliyetibiwa vidonda vya tumbo mara tatu katika muhula mmoja, akapewa na dawa ya minyoo juu yake, na tumbo lilikuwa halina ugonjwa wowote. Mhudumu wa zahanati hakukosea kwa ubaya. Hakuna aliyemfundisha kwamba Pwani huzuni hushukia tumboni.

Ni kazi ndogo kuikalisha fomu hiyo chini na walimu, wauguzi na watoto wenyewe, ikaandikwa upya. Nimejitolea kuifanya bila malipo. Ombi hilo limo kwenye barua zangu zote mbili.

4. Wavulana hamuwaoni kabisa.

Msichana akijiumiza tunaona damu tunashtuka. Mvulana akijiumiza tunaona ukorofi. Nimekuwa na kijana wa kidato cha tatu aliyepiga ngumi ukuta wa darasa mpaka akavunjika mifupa ya mkono. Alipelekwa hospitali, akafungwa plasta, na aliporudi alikuta ankara ya kioo cha dirisha kilichopasuka siku hiyo. Babake aliilipa. Miezi mitatu kabla, kijana huyo alikuwa amemzika nduguye, na yeye akaambiwa ajikaze, ndiye mkubwa sasa.

Kwa wavulana tazameni ngumi, pombe ya mnazi, bodaboda zinazoendeshwa kama mtu anayetafuta jambo. Ni maumivu yaleyale.

5. Siri haitunzwi.

Habari ya mtoto inatangazwa kwenye gwaride la asubuhi "ili iwe funzo". Inazungumzwa kwenye chumba cha walimu juu ya chai na mahamri. Inaandikwa kwenye cheti cha kuacha shule. Waswahili walisema aibu ya maiti aijuaye mwosha, na mwosha hutunza. Sisi tunamtangaza aliye hai.

6. Mwalimu wa ushauri ana vipindi kama wengine wote. Mimi nina 26 kwa juma, na wanafunzi zaidi ya 600. Hilo halihitaji maelezo.

Najua majibu yatakayokuja, maana nimeshayapokea.

Mtasema bajeti haitoshi. Nakubali kwamba mtaalamu wa saikolojia kwa kila shule ni fedha nyingi. Lakini kutomfukuza mtoto ni shilingi ngapi? Kutompekua hadharani kunagharimu nini? Nusu ya ninayoyaomba hayana bei.

Mtasema watoto wanaigana. Ni kweli, kuigana kupo, na bwenini jambo husambaa. Hiyo ndiyo sababu ya kutolitangaza kwenye gwaride. Mnaogopa moto usambae, kisha mnaupepea.

Mtasema wanatafuta kuonekana. Yule binti alijificha miezi saba ndani ya sweta kwenye jua la Pwani. Na hata kama yuko mmoja anayetaka aonekane, basi aonekane. Mgonjwa anayetafuta daktari hatumlaumu.

Mtasema tukiwauliza juu ya kujiua tutawatia wazo. Hili ndilo kosa lililoenea kuliko yote, na hata walimu wenzangu wema wanaliamini. Shirika la Afya Duniani limelieleza waziwazi: kumuuliza mtu kama anafikiria kujiua hakumpandikizii wazo hilo. Mara nyingi kunampunguzia mzigo, kwa kuwa ndiyo mara ya kwanza mtu amethubutu kulitaja mbele yake.

Na mtasema tatizo si kubwa kiasi hicho. Uchunguzi wa kitaifa wa afya ya akili ya vijana wa miaka 10 hadi 17, uliotolewa mwaka 2022, ulikuta kwamba asilimia 44.3 ya vijana wetu walikuwa na tatizo la afya ya akili katika mwaka uliotangulia, na asilimia 12.2 walifikia vigezo vya ugonjwa wenyewe. Darasani kwangu mna wanafunzi 48. Pigeni hesabu. Duniani, kwa takwimu za mwaka 2021, kujiua ni sababu ya tatu ya vifo vya wenye umri wa miaka 15 hadi 29. Kikosi kazi cha serikali yenyewe, chini ya Dkt. Frank Njenga, kilipendekeza mwaka 2020 kwamba maradhi ya akili yatangazwe kuwa dharura ya kitaifa. Mwaka 2022 Sheria ya Afya ya Akili ikarekebishwa na kaunti zikapewa majukumu yake. Karatasi tunazo, nzuri, zimepigwa chapa vizuri. Ninachosema ni kwamba hakuna hata moja iliyofika kwenye stoo ya mipira.

Nchi hii inajua kusikiliza watoto wanapochoma mabweni. Baada ya mkasa wa shule ya sekondari ya Kyanguli kule Machakos, mwaka 2001, ambako wavulana 67 waliteketea katika moto uliowashwa na wenzao, tulizungumza kama taifa juu ya milango ya mabweni na vyuma vya madirisha. Mtoto anayejigeuzia moto mwenyewe haharibu mali ya shule, kwa hiyo hakuna anayeundiwa tume.

Sasa naomba, na ninaomba nikijibiwa niwe nimejibiwa kwa maandishi.

Kwanza, toeni agizo kwa shule zote, ukurasa mmoja unatosha, kwamba mwanafunzi aliyejiumiza hasimamishwi masomo, hachapwi, hapekuliwi mbele ya wenzake wala hatajwi kwenye gwaride. Siku hiyohiyo atibiwe jeraha, akae na mtu mzima anayemwamini, aulizwe kwa upole, na asiachwe peke yake ikiwa anataja kufa. Asirudishwe nyumbani kabla mtu hajajua nyumbani kuna nini. Mzazi aitwe, ndiyo, lakini aitwe kuja kusikiliza, asiitwe kuja kuchukua mzigo.

Pili, mwalimu wa ushauri apunguziwe vipindi hadi nusu, na apewe namba ya simu ya mtu maalumu katika hospitali ya kaunti ambaye atapokea. Narudia, atapokea. Leo nikimtuma mtoto na barua anapangwa foleni na wenye malaria, na akiulizwa shida yake dirishani mbele ya watu, anasema kichwa, anapewa dawa ya kutuliza maumivu, anarudi.

Tatu, namba 116, simu ya msaada kwa watoto, ambayo haitozwi, iandikwe kwenye ukuta wa kila bweni kwa rangi isiyofutika, na watoto waruhusiwe simu ya kuipigia bila kuomba ruhusa kwa mtu yuleyule wanayemwogopa. Hivi sasa kwetu simu iko kwenye droo ya naibu.

Nne, na hili najua litawashangaza wengine, waleteni kina somo na kina bibi. Kila shule iwe na wanawake wawili na wanaume wawili wa mtaa huo, watu wazima wenye sifa ya kutunza siri, wachaguliwe pamoja na watoto wenyewe, wafunzwe dalili za hatari na mahali pa kupeleka. Wasije kufundisha kuvumilia. Waje kusikiliza. Ustadh na mchungaji wafunzwe pamoja nao, kwa sababu familia zitawaendea wao kwanza, tupende tusipende, na ni afadhali kombe linywewe njiani kuelekea kliniki kuliko linywewe badala ya kliniki. Nimezungumza na ustadh mmoja juu ya hili, akaniambia alikuwa akingoja mtu amuulize.

Tano, ile fomu. Bado niko tayari.

Ninajua baadhi ya wenzangu watasema nimeanika uchi wa shule zetu. Wazazi wengine watasema nimeanika wa nyumba zao. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi nimehudhuria mazishi mawili ya wanafunzi katika miaka hii 9. Katika yote mawili, hotuba zilisema ni homa ya ghafla. Sitaki kuhudhuria la tatu nikiwa nimenyamaza tena.

Muhula unafunguliwa Jumatatu. Ninao wanafunzi watatu ninaojua hali zao, na wengine nisiowajua. Barua ya kusimamishwa masomo kwa wiki mbili iko tayari kwenye droo ya karani, nimeiona kwa macho yangu: imeshachapwa, imetiwa saini na kugongwa muhuri, nafasi ya jina imeachwa wazi. Naomba agizo lenu litangulie kufika kabla mtu hajaijaza.

Wenu mwaminifu,

Mwalimu wa Kiswahili na wa ushauri nasaha,
Kaunti ya Kilifi